Kuongoza mjadala wa In the Heat of the Night (1967): siasa yake iko wapi hasa?

MtaaWaPili (Sinza):

Wakuu, salaam. Klabu yetu ya filamu, watu kati ya 30 na 40, mwezi ujao inaonyesha In the Heat of the Night ya Norman Jewison, na kuongoza mjadala ni zamu yangu. Ukumbi tunao kuanzia saa 1 hadi saa 4 usiku. Filamu ina kama dakika 110. Sabtaito za Kiswahili tunaandika wenyewe, projekta ni ya kukodi.

Wanachama wameshagawanyika hata kabla ya kuonyesha. Wapo wanaosema hii ni filamu ya kofi: mtu mweusi kamrudishia Mzungu kofi, siasa imeishia hapo. Wengine wanasema imetengenezwa ili Mzungu atoke ukumbini akijiona mwema. Mimi naona pande zote mbili zimeshika mkia, ng'ombe hawajamwona.

Naomba mnisaidie: nianzie wapi, nichague vipande gani vya kurudia baada ya filamu, na kwenye kutafsiri nitafanyaje na "Mister Tibbs", jina analodai kuitwa Tibbs, mpelelezi mweusi wa Philadelphia anayechunguza mauaji mjini Sparta, Mississippi? Mwisho wa hadithi utajeni bila wasiwasi, hapa wote tumeshaiona.

BintiKisutu:

Usianze na kofi. Lenyewe ni la kufumba na kufumbua, na ukilifungulia mjadala watu watashangilia, kila mmoja atataka kusema angepiga namna gani, nusu saa imekwenda.

Anza na kinachofuata. Endicott, mwenye mashamba ya pamba, shavu likimuuma kwa kofi la Tibbs, anamgeukia mkuu wa polisi Gillespie na kumuuliza kama ameona. Gillespie anasema ameona. Anaulizwa: sasa utafanya nini? Anajibu kwamba hajui. Siasa ya filamu ninaiona katika hiyo "sijui". Katika mji ule jibu lilikuwa linajulikana kabla ya swali, na Endicott mwenyewe analitamka: zamani angeamuru Tibbs apigwe risasi. Polisi aliyekuwa akilinda utaratibu huo anapokosa la kusema mbele ya tajiri wake, kuna kitu kimekatika, ingawa bado hajamtetea mtu yeyote.

Halafu waambie wamtazame Henry, mtumishi mzee aliyesimama pale na sinia la vinywaji. Rudia kipande hicho mara mbili, mara ya pili bila sauti, na uulize swali moja tu: Henry anamtazama nani, na kwa muda gani? Watu wetu wanajua kusoma uso wa mfanyakazi wa ndani. Utapata majibu ambayo kitabu cha sinema hakikupi.

Kitu kingine kinachopita haraka ni sababu ya Tibbs kufika kwenye kitalu cha maua ya okidi cha Endicott, kofi linakotokea. Kwenye pedeli ya breki ya gari la marehemu Colbert amekuta kipande cha osmunda, yaani nyuzi za mizizi ya kangaga ambazo wafuga okidi huzitumia badala ya udongo, kwa sababu okidi za namna hiyo kwa asili huota juu ya miti. Endicott anamweleza mgeni wake, kwa upole kabisa, kwamba maua hayo ni kama watu weusi: yanataka kutunzwa, kulishwa na kulelewa, na hilo huchukua muda. Hakuna tusi hata moja katika sentensi hiyo. Sabtaito zako ziache upole huo kama ulivyo. Ukiugeuza kuwa ukali, kofi litaonekana limetokana na hasira ya ghafla, wakati kilichotangulia ni ubaguzi uliovaa tai.

JichoLaGizani:

Nakubaliana na Binti kuhusu "sijui", ila siasa nzito zaidi naiona kwenye suluhisho la kesi, na hapo ndipo filamu inaponiudhi.

Fuata mstari wa kesi bila kujali rangi. Anayeuawa ni Colbert, mwenye mtaji kutoka Chicago aliyekuja kujenga kiwanda Sparta. Kiwanda maana yake ajira, weusi wakiwemo, na maana yake vibarua kuondoka kwenye pamba ya Endicott. Kwa hiyo Endicott ana sababu ya kumchukia marehemu, na ushahidi wa osmunda unampeleka Tibbs mlangoni kwake. Unakaa unasubiri: mfumo wenyewe sasa unapandishwa kizimbani. Kumbe muuaji ni Ralph, kijana wa mgahawani, Mzungu maskini aliyetaka hela ya kumtoa mimba Delores, binti wa pale mjini. Endicott anabaki mlimani kwake na pamba yake.

Msilichukulie hili kuwa kosa la mwandishi Stirling Silliphant. Amelijenga kwa makusudi. Tibbs alishamwambia Gillespie kwamba anaweza kumshusha bwana yule kutoka juu ya kilima chake, na Gillespie akamtazama kwa mshangao wa mtu aliyegundua jambo: kumbe na wewe ni kama sisi. Filamu inataka tuone kwamba chuki inampofusha hata mpelelezi bora. Ni hoja ya kweli kuhusu upelelezi; ukishampenda mtuhumiwa mmoja unaacha kuona wengine. Lakini kisiasa imeweka chuki ya Tibbs na chuki ya mji kwenye mizani moja, kana kwamba zina uzito sawa. Chuki ya mji ina bunduki, jela na vijana wenye minyororo. Ya Tibbs ina tikiti ya treni.

Hapo ndipo makundi yako mawili yatakutana. Anayesema filamu inambembeleza Mzungu ana ushahidi mzuri hapa kuliko popote.

Vipande vya kurudia chukua vitatu, visizidi dakika tatu kila kimoja. Cha kwanza: Tibbs anapokagua maiti. Hicho watu hukiruka na ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Anaomba vifaa, anapima joto la mwili, anajaribu ukakamavu wa viungo ili kukisia saa ya kifo, na kamera imekaa karibu na mikono yake. Mikono ya mtu mweusi juu ya mwili wa Mzungu, Mississippi, na hakuna anayeweza kumwambia aiondoe, kwa sababu hakuna mwingine pale anayejua kazi. Mji unamkubali kwa ujuzi kabla ya kumkubali kwa utu, na baadhi yao hawafiki hatua ya pili. Cha pili: kitalu cha okidi, kuanzia mazungumzo ya maua hadi uso wa Endicott wanapoondoka. Cha tatu: dukani kwa Mama Caleba, mtoaji mimba wa siri.

Hicho cha mwisho usikikwepe. Tibbs anamtisha mwanamke mweusi kwamba gerezani kuna kifungo cha Mzungu na kifungo cha mweusi, na kibaya ni cha mweusi. Anasema kweli kuhusu sheria ya nchi yake, na anaitumia kweli hiyo kama rungu juu ya mtu aliye chini yake. Ni dakika chache tu, lakini Beah Richards, anayemcheza Mama Caleba, anakaa na heshima yake pale hata usimsahau. Hapo uliza: weusi wa Sparta wana sauti gani kwenye filamu hii inayosifiwa kwa ajili yao? Utaona ni chache sana. Steringi ametoka Philadelphia na anarudi Philadelphia.

Upanga67:

Naongeza muktadha, na nakusihi usizidishe dakika tano kabla ya filamu. Viongozi wa mijadala wengi huua usiku wao kwa hotuba.

Sema mambo matatu. La kwanza: hofu iliyomo kwenye hadithi ilikuwa hofu ya kweli. Juni 1964 wanaharakati watatu wa haki za raia waliuawa Neshoba, Mississippi, na naibu wa sherifu alikuwa ndani ya njama hiyo. Mtazamaji wa mwaka 1967 alipoona gari la polisi likimfuata mtu mweusi usiku, hakuhitaji muziki wa kumtisha. Sidney Poitier mwenyewe, aliyecheza Tibbs, baada ya kufukuzwa na watu wa Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, mwaka 1964 alipokwenda Mississippi na Harry Belafonte kupeleka fedha za wanaharakati, alikataa kwenda kupiga picha kusini. Ndiyo maana filamu ilipigwa Sparta, Illinois, na jina la mji likaachwa Sparta ili mabango ya pale yasibadilishwe. Sehemu ya shamba la pamba tu ndiyo ilipigwa Tennessee, kwa siku chache.

La pili: ilitoka Agosti 1967, wiki chache baada ya miji ya Newark na Detroit kuwaka moto kwa ghasia za ubaguzi wa rangi. Na Oscar ilipotolewa, sherehe ilisogezwa kutoka tarehe 8 hadi 10 Aprili 1968 kwa sababu Martin Luther King alikuwa ameuawa tarehe 4 na kuzikwa tarehe 9. Filamu ilichukua tuzo tano, ikiwemo filamu bora na mwigizaji bora. Mwigizaji bora alikuwa Rod Steiger, aliyecheza Gillespie. Poitier hakupendekezwa hata kuwania. Mpe mwanachama anayesema "ni filamu ya Mzungu" ukweli huo, kisha mwombe autafakari pamoja na swali hili: kati ya Tibbs na Gillespie, nani anabadilika? Anayebadilika ndiye tuzo humfuata, na hadithi imempa Gillespie mabadiliko yote. Tibbs ameshakamilika tangu anapokaa kwenye benchi la stesheni.

La tatu linahusu begi. Mwisho Gillespie anambebea Tibbs begi hadi kwenye treni. Kwetu ni adabu ya kawaida, mgeni hasindikizwi mikono mitupu, na kwa hiyo wengi hawaoni kitu. Waeleze kwamba kwa miongo mingi kubeba mizigo ya abiria na kuhudumia mabehewa ya kulala katika treni za Marekani ilikuwa kazi ya wanaume weusi, hadi wakaunda chama chao cha wafanyakazi mwaka 1925 chini ya A. Philip Randolph. Mkuu wa polisi wa Mississippi akishika begi la mweusi stesheni, amechukua nafasi ile.

Kuhusu nani alilileta kofi, masimulizi ni mawili: Poitier alisema yeye ndiye aliyelidai, Jewison na Silliphant walisema lilikuwamo kwenye mswada. Taja yote mawili, endelea. Ukumbi ukijikita kubishana hapo, hamtafika popote.

Mkalimani_Ilala:

Nije kwenye tafsiri, maana ndiko filamu hii inakofia mara nyingi.

Gillespie anamdhihaki jina lake Virgil, anamwita "boy", anamuuliza kwao wanamwitaje. Jibu la Tibbs linategemea maneno mawili yanayogongana, "boy" na "Mister". Lugha chache duniani zimebahatika kuwa na jozi hii kama Kiswahili. Tunalo "boi". Wazee wa mji huu wanakumbuka mwanaume mwenye wajukuu akiitwa boi kwenye nyumba za Oyster Bay, na yeye akimwita mwenye nyumba "bwana". Kwa hiyo "boy" iandike "boi", usiifanye "kijana" wala "dogo". "Kijana" ni neno la heshima, na "dogo" ni la kirafiki mjini hapa. Yote mawili yanamwokoa Gillespie.

Na "Mister" iwe "Bwana". Najua mtajaribu mengine. "Mheshimiwa" ni la wabunge na mahakimu. "Mzee" ni la umri, na Poitier hajafika hapo. "Afande" litawajia haraka kuliko yote kwa kuwa Tibbs ni polisi, na ndilo litakaloharibu zaidi: afande ni cheo, mtu hukipata kazini. Tibbs hadai cheo. Anadai neno ambalo Mzungu yeyote wa Sparta, hata Ralph wa mgahawani, analipata bure. "Ndugu" linavutia kwa sababu mwaka ule ule wa 1967, baada ya Azimio la Arusha la Februari, hapa kwetu ndilo lililokuwa likishika nafasi ya bwana. Litaje kwenye mjadala, ni daraja zuri sana: huku nchi moja inaweka kando "bwana" ili watu walingane, kule mtu anadai aitwe bwana kwa sababu hiyo hiyo. Kwenye sabtaito lisitumike. Tibbs hawezi kumwomba Gillespie undugu saa ile.

Sentensi yenyewe: "Naitwa Bwana Tibbs" ni kujitambulisha, mtu anaomba kazi. Inampoteza yule "wao" wa kwao Philadelphia. Mimi ningeandika "Kule huniita Bwana Tibbs!" Herufi na nafasi 25, mstari mmoja, na hiyo "hu-" inabeba mazoea: ndivyo ilivyo siku zote, si leo tu. Kinywani "wananiita" linatoka kwa nguvu zaidi, kwa hiyo kama mngekuwa na mtu wa kutafsiri kwa sauti kama kwenye vibanda umiza, ningemwachia hilo. Kwenye maandishi chukua "huniita".

Tusi la rangi limetumika mara nyingi. Usiliandike kwa Kiingereza na usilifute. Kiswahili hakina tusi lenye historia ile ile, basi shusha mtu badala ya kutafuta neno: "kijeusi hiki", "vijeusi vyenu". Ngeli ya ki-/vi- inamfanya mtu kuwa kitu, na kila msomaji ataihisi.

Kwa kazi ya kila siku: mistari isizidi miwili, kila mstari usizidi herufi 40 hivi. Kiswahili kinarefuka, na sentensi ya Gillespie anapofoka inaweza kukudai mistari mitatu. Punguza maneno. Usiibane kwa kuharakisha, maana mtazamaji akisoma maandishi hana muda wa kutazama uso, na filamu hii inasemwa kwa nyuso. Na kabla hujaanza, hakikisha nakala ya filamu na faili la sabtaito vina kasi moja ya fremu. Ukitengeneza maandishi kwa nakala ya fremu 25 kwa sekunde na ukumbini ukacheza ya 24, utapishana kwa asilimia 4. Dakika ya kwanza huoni kitu. Kufikia stesheni mwishoni, maandishi yametangulia zaidi ya dakika nne.

FundiMwanga:

Mkuu, projekta za kukodi mjini hapa hufika zikiwa zimewekwa kwenye hali ya mwanga mkali, kwa ajili ya harusi na semina. Ukiiacha hivyo, uso wa Poitier utageuka kivuli chenye macho, na utakuwa umefuta kazi kubwa ya filamu.

Mpiga picha mkuu alikuwa Haskell Wexler. Mazoea ya Hollywood yalikuwa kupanga taa kwa ngozi nyeupe, kisha mwigizaji mweusi anasimamishwa ndani ya mwanga ule ule: ama anang'aa paji la uso kama amepakwa mafuta, ama anazama. Wexler alipunguza ukali wa taa na kuzipanga kwa kumfikiria Poitier. Hilo nalo ni uwakilishi, na linatangulia maneno yote ya mswada, maana mtu asiyeonekana uso hana anachoweza kukataa kwa uso.

Weka hali ya sinema, punguza utofauti wa mwanga na giza hadi mikunjo ya suti yake ionekane. Pima kwa kipande cha stesheni, polisi Sam Wood anapomkuta Tibbs amekaa peke yake usiku. Ukiona shavu, kola na ukuta wa nyuma kama vitu vitatu tofauti, umepatia. Picha ya filamu ni pana kidogo kuliko ya projekta nyingi, kwa hiyo mstari mwembamba mweusi juu na chini ni sawa, usivute picha kuujaza. Mkionyesha nje, saa 1 kamili baadhi ya miezi anga bado lina mwanga wa machweo. Zungumza zile dakika tano za Upanga67 kwanza, washa saa 1 na robo. Mkionyesha ndani zimeni feni zilizo karibu na spika, la sivyo muziki wa Quincy Jones utasikika lakini maneno ya chini chini ya Tibbs hayatasikika.

Waambie pia wasitafute joto kwenye pumzi za waigizaji. Ilipigwa majira ya baridi yakiingia, wakawa wanaweka barafu mdomoni ili mvuke usionekane.

MtaaWaPili (Sinza):

Wakuu, mmenipa zaidi ya nilichoomba. Maswali mawili ya mwisho. Kuna mwanachama anataka kuleta wanafunzi wa kidato cha pili. Na stesheni mwishoni, Gillespie anamuaga kwa kumwita Virgil. Baada ya begi na yote yaliyopita, niandike "Bwana Tibbs" ili mjadala ufungwe vizuri?

JichoLaGizani:

Kidato cha pili hapana. Kuna Delores akiwa uchi dirishani, na kamera inachungulia pamoja na polisi bila aibu; kuna utoaji mimba, kuna kundi linalotaka kuua. Kidato cha tano na sita sawa, na hao waulize hasa kuhusu Delores, kwa sababu filamu inayodai heshima ya mtu mmoja imemnyima mwingine.

Mkalimani_Ilala:

Acha "Virgil". Usimpe Gillespie neno ambalo hakulisema. Mwanzoni alitamka "Mister Tibbs" kwa dhihaka, akimwagiza Wood ampeleke stesheni. Hapo uliandika "Bwana", na watu wataikumbuka. Mwisho amebeba begi, ametabasamu, amemwambia ajitunze, na bado anamwita kwa jina lake la kwanza. Andika "Virgil, ujitunze, umesikia?" kisha washa taa, na uwaulize kama hilo ni jina la rafiki au ni jina la boi. Nusu ya ukumbi itasema hivi na nusu vile, na mnayo karibu saa nzima.